Nguo za Bluu Mlimani Kundelungu

Jumatatu, mwisho wa Julai. Baridi ya asubuhi bado haijatoka kwenye kuta, na upepo unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria.

Unisamehe, kitabu changu. Nimekuacha tangu Pasaka. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na kila nilipokaa niandike, usingizi ulinikamata kabla ya kalamu. Leo sina usingizi. Nina furaha mbaya, na sina mtu wa kumwambia.

Nimelipiza.

Nianze mwanzo. Tangu kiwanda alichofanya kazi kinyamaze, mume wangu analima mahindi huko Kapolowe, anarudi nyumbani mara moja moja. Mimi nauza sombe, majani ya mihogo, na makala ya kupikia, mbele ya mlango wetu hapa Likasi. Dada yake mkubwa, Odette, anaishi Lubumbashi. Anauza vikwembe, vitenge vya wanawake, anaongoza kikundi cha maombi, hana mtoto. Mimi namwita Yaya, yaani dada mkubwa, watoto wangu wanamwita Tantine, shangazi. Yeye ananiita mtoto wa mlima, kwa sababu nimezaliwa chini ya mlima Kundelungu, na akilisema mbele ya watu anacheka kwanza yeye mwenyewe.

Alhamisi alishuka hapa na akina mama wa kikundi chake kwa kamyo, lori limejaa. Wanaenda kuomba kwenye maporomoko ya Lofoi, ndani ya hifadhi ya Kundelungu, na mimi niwaongoze.

— Mutoto wa mulima, tuambie basi. Ku mulima yenu bantu banaendaka kufanya nini? Kuhesabu nyani?

Wakacheka wote. Nikawaambia vizuri, bila ubaya moyoni. Kwamba tuondoke mapema, jua la bonde halina huruma hata wakati wa baridi. Kwamba tupite kwanza kwa walinzi, tusalimie, tuandikwe, tusiingie kama wezi. Wavae viatu vya kufunga, maana mawe chini ya maji yanateleza hata kiangazi. Wasiwashe moto penye majani makavu, wasibebe pembe wala mfupa kwenda nao nyumbani. Na wakifika, wasianze kupiga kelele mara moja. Wasimame kwanza, waache umande wa maji uwafikie usoni, ndipo wainue macho mpaka ukingoni, waone ndege wakitoka nyuma ya maji. Mwenye nguvu apande mpaka kwenye uwanda wa juu, kule nyasi hazina mwisho. Nilipokuwa msichana nilikuwa naona pundamilia huko. Sijui kama wamebaki. Watu wana njaa.

Jambo moja sikulisema, kwa sababu halikunijia. Rangi ya nguo.

Bonde la Lufira lina mbung'o, wale inzi wanaouma kupita kitambaa, na mbung'o wanapenda bluu na nyeusi kama nyuki anavyopenda ua. Kwetu hata mtoto anayetambaa anavalishwa rangi ya majani makavu. Tumeumwa nao tangu utoto na hakuna aliyekufa, lakini ule uvimbe wake, ee Mama.

Ijumaa jioni nilikuwa namwosha Nadège, mkubwa wangu. Ana miaka sita na mdomo wa watu wawili.

— Mama, Lubumbashi umeme iko kila siku?

— Nani amekuambia?

— Tantine. Amesema nitalalaka na yeye mu kitanda ya springi. Amesema nisikuambie mpaka tutoke ku mulima.

Nikaendelea kumsugua. Mgongo, shingo, nyuma ya masikio. Nilisugua mpaka akalia. Nikamwomba radhi, nikamfunga ndani ya kikwembe changu na kumshika hapo mpaka maji ya beseni yakapoa.

Hakuna aliyeniuliza. Najua maisha ni magumu. Najua pia Odette ameomba mtoto miaka mingi, na siku nyingine nimeomba naye. Lakini kumkamata wa kwangu kimya kimya, kama mtu anayeondoa kuku usiku?

Jumamosi asubuhi wakatoka wote wamevaa sare ya kikundi. Vikwembe vipya, vimeshonwa sawasawa. Bluu. Ile bluu kali kabisa.

— Si tunapendeza?

Neno lilikuwa juu ya ulimi. Nililisikia pale, kama kokwa. Nikalimeza.

— Munapendeza sana, Yaya.

Wale wengine hawakunikosea kitu. Najua. Nililimeza hata hivyo.

Halafu mlango ukafunguka, Nadège akatoka amevaa kigauni cha bluu ileile, kimemkaa mabegani kama ngozi yake. Kipimo kilitoka wapi? Odette hakuwahi kumpima. Baba yake alimpima alipokuja mwezi uliopita. Alisema anataka kuona kama mtoto amekua.

Basi na yeye alijua.

— Avue, nikasema.

— Nini?

— Avue hiyo nguo, Yaya.

— Weye mwanamuke, juu ya nini? Nimeishonesha kwa fundi ya muji!

— Ni mutoto yangu. Haendi nayo.

Nilimvua mwenyewe, pale uani. Ningalisema sababu, ningaliwaokoa wote. Sikusema. Nikamvalisha gauni lake kuukuu la rangi ya vumbi. Mama mmoja akanong'ona kwamba nina wivu. Odette akatikisa kichwa.

— Umuvalishe hata gunia. Siku zimebaki kidogo.

Asante, Yaya. Nilikuwa naanza kulegea.

Tulipita Mwadingusha, penye bwawa la umeme, wakiimba. Nyaya za umeme zilipita juu yetu, zinaenda kuwasha kwa wengine. Odette alikaa mbele na dereva, kwenye dirisha lisilo na kioo. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, Nadège katikati ya magoti yangu, kitoto mgongoni chini ya shuka la rangi ya ugoro. Tulipoingia bondeni, penye miti, wimbo ulikatika. Kwanza kule mbele.

— Aïe! Nani amenidunga sindano?

Ndipo wakaja. Mbung'o wanafuata gari linalotembea, hawachoki. Mama wale walijipiga makofi mapajani, mabegani, wakapigana wenyewe kwa wenyewe. "Katika jina la Yesu, ondoka!" Paa. "Ondoka!" Paa. Dereva alicheka mpaka naye akaumwa. Mimi niliangalia barabara.

Kitabu, nisiwe mwongo kwako. Nilikuwa nahesabu makofi yake, na kila kofi lilinishibisha.

Tulipofika chini ya maporomoko, jicho moja la Odette lilikuwa limejifunga na mdomo umekuwa kama andazi. Maji yalikuwa yanashuka meupe, membamba, mazuri kabisa. Hakuna aliyeinua macho. Walikuwa wanajikuna.

— Hapa bachawi balitutangulia, Odette akasema.

— Hapana, Yaya. Ni inzi.

Akaniangalia kwa lile jicho moja. Akamwangalia Nadège, ngozi laini, anarusha vijiwe majini. Akaangalia gauni la rangi ya vumbi. Odette si mjinga.

— Banapenda bluu?

— Banapenda sana.

— Ulikuwa unajua?

— Nilikuwa najua.

— Na ukaninyamazia! Minye, dada ya bwana yako!

Mama wote walikuwa wamegeuka. Sikupandisha sauti. Pale maji yana sauti kubwa, lakini walinisikia.

— Weye nawe ulijua unakuja kunikamatia mutoto. Ukaninyamazia.

Mama Régine, mkubwa wao, mwanamke mnene aliyevimba mkono mzima, akaacha kujikuna.

— Odette. Si ulituambia mama yake mwenyewe alikuomba umuchukue?

— Nilitaka tu kubasaidia...

— Alikuomba, ao hakukuomba?

Odette akainamia kifundo cha mguu, akajikuna. Ni mara ya kwanza katika ndoa yangu kumwona akiinamisha kichwa mbele ya mtu.

— Basi musaidie mutoto hapa hapa kwa mama yake, Mama Régine akasema. Utatuma kila kitu. Siye wote tumesikia. Na weye, mutoto wa mulima, uko na roho mubaya. Leta mafuta.

Nikatoa mawese niliyobeba, nikawapaka mmoja mmoja. Nao niliwaomba radhi, kwa kweli. Odette alikuja wa mwisho. Nikampaka yeye pia, nikakandamiza kidogo pale palipovimba zaidi. Chozi lilimtoka kwenye jicho zima, sijui la maumivu au la nini, na sikuuliza.

Jana walitushusha hapa mlangoni, wakaendelea Lubumbashi. Odette hakuingia ndani. Nadège alimpungia mkono mpaka kamyo ikapotea. Leo ananiuliza kwa nini Tantine alikuwa na uso mkubwa. Nikamwambia alikula vibaya.

Sijatubu. Jana jioni nilipiga magoti, maneno hayakuja, nikainuka. Mume wangu atarudi, na yeye nitamwuliza habari ya kipimo. Sijajua bado nitamwuliza kwa sauti gani.

Dereva amepita leo, na atapita tena kesho asubuhi. Amesema Odette anataka kujua mtoto anahitaji nini, naye atatuma kama alivyoagizwa mbele ya watu. Ameacha mfuko wa unga na mche wa sabuni. Sasa atume na hivi, nami nitavitaja bila haya:

Maziwa ya unga, kopo kubwa. Kwinini ya watoto, ile ya maji, si ya vidonge. Chumvi. Madaftari ya darasa la kwanza, na kalamu za risasi. Mafuta ya taa, dumu lijae. Sweta moja ya kitoto. Viatu vya shule vya Nadège, vyeusi, vya mkanda. Mguu wake nimeuchora kwenye karatasi kwa mkono wangu mwenyewe. Anunue vikubwa kidogo, maana mguu huu utakulia hapa, Likasi.