Kumtafutia Bibi Mtaa

6 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa Mama ana mafua, na Baba anasema yeye hana huku anapiga chafya. Mguu wako unaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu ulisema simu inakuletea mvumo wa nyuki tu, na kwa kweli mimi pia kwenye simu huwa nameza maneno.

Baba na Shangazi wameshakubaliana kwamba tangu ulipoanguka, ngazi za kwako haziwezekani tena, na za kwetu ni ndefu zaidi. Wamepata nyumba mbili za wazee zenye nafasi hapa mjini, moja kilimani na nyingine karibu na soko. Jibu linatakiwa kabla ya mwezi kwisha. Nimesikia ulisema huhamii mahali ambapo hujatazamiwa, na kwamba wa kukutazamia ni mimi. Nilishangaa. Mimi ndiye ninayejifungia chumbani wageni wakija.

Nimeenda. Ya kilimani ni nzuri mno, Bibi. Njia ya kupandia ina miti pande zote, na kule juu kumetulia hata nilisikia kurasa za kitabu changu zikigeuka. Kuna bustani, kuna benchi, na chumba cha kupumzikia kina kabati zima la vitabu. Ya sokoni sikuingia. Niliishia getini: wachomelea vyuma, pikipiki, na redio za maduka zinashindana kama wagombea. Nilimhurumia yeyote anayelala pale. Nimemwambia Baba tuchague kilimani, naye atapeleka jibu wiki ijayo.

Nisalimie fimbo yako.

Mjukuu wako

11 Juni

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Mguu unaniheshimu siku hizi nami nauheshimu. Tunakwenda pamoja, fimbo katikati kama mshenga. Babako mwambie anywe kitu cha moto aache ubishi.

Nashukuru kwa kunitumia macho yako. Barua nimeisoma na kuirudia, na kila nikiirudia naona umepata mahali pazuri sana pa wewe kuishi. Usinune. Nakucheka kwa kuwa nakupenda.

Nilipokuwa nashona, alikuja bwana mmoja kuagiza gauni la mkewe. Mke hakuwepo, akataka nimpime dada yake, eti wanalingana. Nikamrudisha. Alininung'unikia mpaka barabarani kwamba fundi gani ana maringo hivi. Lakini gauni hukatwa kwa mwili wa atakayelivaa, si wa aliyetumwa. Nawe kilima umekipima kwa magoti ya mtoto wa shule, na ukimya kwa masikio ya msoma vitabu. Mimi goti langu bovu, na masikio yameshaanza kustaafu.

Nikwambie ninachoogopa, kibaki kwetu wawili. Uzee siuogopi, nimeuzoea. Naogopa kuwekwa kama vyombo vya wageni kabatini: visafi, vimepangwa, havitoki. Nataka kujua kama mtu wa nyumba hiyo anaweza kutoka getini mwenyewe, akanunua uzi wake, akarudi. Hilo tu. Waulize wanaokaa humo. Najua kwako kumuuliza mtu kitu ni kama kung'olewa jino, lakini jino moja halijaua mtu.

Babako asubiri kidogo.

Bibi yako

20 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo tena. Mafua ya Mama yamepona, ya Baba sasa yamekubalika. Alilalamika kuambiwa asubiri, lakini aliposikia ni agizo lako alitii kama mwanao.

Nilirudi kilimani. Nikamuuliza mlinzi kama wazee hushuka mjini. Alinitazama kama niliyeuliza kama paka huogelea. Akaeleza kwamba kile kilima kinawashinda, kwa hiyo hutoka tu gari la nyumba linapowapeleka hospitali. Kwenye benchi alikuwepo babu mmoja nadhifu, amevaa koti na viatu vimeng'aa. Nikamwamkia. Aliniuliza kama huko chini mvua imenyesha. Kutoka pale alipokaa, Bibi, mji wote unaonekana.

Basi nikaenda ya sokoni. Nilisimama nje ya geti nikijifanya nafunga kamba za viatu, mpaka mama mmoja mzee mwenye kigari cha kushikilia akaniuliza nimekuja kuuza nini. Nikazidi kufunga kamba. Akanitundikia kikapu chake mkononi akasema kama siuzi, basi nibebe. Wenzake wanamwita Mama Redio, na nilielewa kwa nini kabla hatujafika kona.

Nilitembea kwa mwendo wake. Sijawahi kutembea hivyo. Mtaa niliouona mbio mbio ulikuwa mwingine kabisa. Mwenye duka la kwanza ameweka kigoda nje, na Mama Redio alikikalia bila kuuliza, akapumua, tukaendelea. Duka la dawa lina kidato kirefu, kwa hiyo muuza dawa hutoka nje akamhudumia barabarani. Pa kuvukia, mchomelea vyuma mmoja aliacha kazi, miwani yake ya giza usoni, akanyoosha mkono na pikipiki zikasimama. Kisha akarudi kwenye cheche zake.

Mabaya nayo nikwambie. Mfuniko mmoja wa mtaro umevunjika na wameuzibia ubao. Ukishatoka getini hakuna choo mpaka urudi. Siku ya soko hapapitiki, wazee wote hubaki ndani. Vumbi lipo, na kelele huanza kabla ya jogoo.

Nilijikaza nikamuuliza Mama Redio kama haogopi kutoka peke yake. Akasimamisha kigari.

"Kuogopa naogopa," akasema. "Mwaka jana nilipotelewa na njia hapa hapa, kichwa kikawa cheupe. Fundi viatu akaniona ninavyozunguka, akafunga kibanda chake akanirudisha. Mwanangu, kuna mahali huwezi kupotea kwa sababu hakuna pa kwenda. Mimi nimechagua pa kupotea na kurudishwa."

Shangazi bado anataka kilimani, na Baba ana hofu ya pikipiki. Mimi safari hii sichagui. Nimekuletea vipimo tu.

Mume wako mdogo

26 Juni

Mume wangu,

Marahaba, na Mungu akukuze. Mimi mzima.

Jana nilimpigia babako simu, na nyuki wake wote, nikasema maneno yangu nikakata kabla hajaanza yake. Nahamia sokoni. Shangazi yako amekuja hapa, tumelia kidogo, kisha tukafunga masanduku. Anasema pikipiki zitaniua. Nimemwambia ngazi zilikaribia kuniua na hazikupiga hata honi.

Ubao wa mtaroni unanitisha, sitakuficha. Nitashika ukuta upande wa pili.

Umeingia mtaa usiokuzoea, ukaongea na mlinzi, na babu, na mwanamke mwenye mdomo, na najua kila mmoja alikugharimu nini. Watu wamenipa zawadi nyingi maishani. Nyingi zilinibana kwapani. Hii imenikaa.

Bibi yako

14 Septemba

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiandikia chumbani kwako, kwenye kiti chako. Samahani kwa kutoonekana. Ni mitihani, na jana imekwisha.

Nilipofungua mlango nikakuta kitanda kimetandikwa na wewe hupo, na fimbo haipo, nilikimbilia kwa muuguzi. Akaniambia umetoka. Nikauliza na nani. Akasema na nani tena, peke yake.

Nikakufuata. Sikuogopa kuuliza, maana mtaani ukisema "Bibi" hawaulizi bibi gani. Fundi viatu akasema umepita sasa hivi. Muuza nyuzi akasema umebishana naye bei ya vifungo, umeshinda, na umeelekea kule. Nikafika karibu na kibaraza cha msichana mmoja mwenye cherehani, nikakuona. Ulikuwa umekaa kwenye kiti chake, yeye amesimama, na pindo la sketi ya mtu liko mapajani mwako. Ulikuwa unalifumua huku unamgombeza, naye anacheka, na wewe unacheka. Mwendesha pikipiki alikuwa anasubiri sketi ya mkewe, ameegemea nguzo, anacheka pia.

Nilitaka kukuita. Kisha nikaona ulivyoshika sindano, nikakaa ng'ambo ya barabara kwa muda, halafu nikarudi huku taratibu.

Ahsante, Bibi. Ulinituma nikutafutie mtaa, na sasa nami wananisalimia humo.

Muuguzi amepita hapa akanionea huruma kwamba nimekuja bure, sikukuta. Nimemwambia sikuja bure. Nimekuona.

Mumeo