Simu Haikukatika

Otter Cove,
Newfoundland.
9 Februari 1994

Mpendwa mdogo wangu Selby,

Hujambo wewe? Darlene na mtoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila nina hasira nawe, na leo sizungushi maneno.

Ya huku bila shaka umeyasikia redioni hapo Alberta. Mvua ilinyesha ikawa inaganda palepale inapotua. Nguzo za umeme zililala chini kuanzia kanisani hadi gatini, na mashua ya jirani yetu Mzee Hedley ikazama kwa uzito wa barafu. Tangu Alhamisi hakuna umeme. Watu wakajikalia jikoni kwenye majiko yao ya kuni, wakala samaki wa chumvi na viazi, wakacheza karata.

Wote isipokuwa mama yako! Jiko lake uliling'oa kiangazi. Ukasema kuni ni ushamba, ukaweka hita za umeme, ukapiga picha, ukaenda zako. Nilikukataza, ukanicheka.

Mimi nilikwama kwangu ng'ambo ya ghuba. Hedley alimfuata Ijumaa, akamfuata tena Jumamosi. Mama hakutoka.

"Selby hupiga Jumapili. Akikosa mtu atashtuka."

"Bi Effie, utakufa umekumbatia simu!"

"Nenda kacheze karata zako, mzee."

Barabara ilipitika Jumatatu. Nilimkuta kwenye kochi la jikoni, koti mwilini, midomo imemwiva zambarau, simu mapajani. Vidole viwili vya mguu vimekuwa vyeusi na daktari anavikata kesho. Nililia, kisha nikakutukana, ndiyo, mbele yake.

Unajua alisemaje? "Usimgombeze mwanangu. Laini itakuwa imekatika." Mkono wa simu hakuwa ameugusa tangu Alhamisi, asije akakuzibia njia.

Nikaunyanyua mimi. Ikanguruma sikioni, nzima kabisa. Ndicho kitu pekee kilichokuwa hai nyumba ile, Selby, na hukupiga.

Nikaurudisha. "Ndiyo, Mama," nikasema, "imekatika."

Jiko tumelirudisha, mimi na Hedley. Likikuudhi, njoo uling'oe tena nikiwa nimesimama hapo.

Msalimie Darlene, mbusu mtoto. Hedley anakusalimu, ingawa kwa maneno nisiyoweza kuandika. Mungu akuweke salama kazini.

Jumapili Mama atakuwa amekaa palepale. Piga. Mara ya pili sitamdanganya.

Dada yako, anayekupenda hata leo,
Verna