Watoto wa Pilipili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, mguu umepungua uvimbe, na mjukuu wetu mpya anawakesheza kama mtoto mwenye afya anavyotakiwa. Mwambie mama yake kwamba mjomba amesikia mtoto kafanana naye, na asilie, uzuri haumchagui mtu. Mimi huku ni mzima. Kifua ni kilekile, sauti ni ileile, na mbwa wote wa kampuni bado wanasimama wima nikikohoa.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Dereva wa gari la maziwa anapita huko kesho, na ameniapia kwamba ataitia mkononi mwako kabla hujaanza safari ya kurudi. Wiki hii yote nimekupigia simu, na kila ukiniuliza habari za watoto wa Pilipili nasikia mdomo wangu unajibu wenyewe kwamba wananenepa kama ndama. Kalamu haina mbio za mdomo. Kwa hiyo kaa chini, wala usisome huku unapika.

Ulipokwenda kumlea mzazi ukaniachia mbwa wako Pilipili hapa kwenye mabanda yetu ya mbwa wa ulinzi, tumbo lilikuwa linakaribia kuburuzika. Alizaa nikiwa zamu, watoto wanne, na nilimzalisha mimi kwa mikono hii. Mlinzi wa getini anadai kwamba alipofika alinikuta nimefumba macho. Achana naye, ana wivu. Watoto walikua vizuri, meno yakaota, wakaanza kung'ata kamba za buti zangu. Siku ya chanjo yao ilikuwa ndiyo inakaribia.

Hapo ndipo kampuni ilipoleta mbwa mpya. Dume jeusi, bado kijana, lakini mwili wake, dada, gari lililomleta lilikuwa limelalia upande mmoja. Wenzangu walikwea ukuta. Mimi nilimtazama machoni tu, akanipa mkono. Ila nilipoushika ule mkono niliona chini ya mkia wake pamelowa. Alikuwa anahara, uharo wa majimaji wenye harufu ambayo mpaka leo naisikia puani hata nikiwa nakula. Msimamizi akaagiza afungiwe peke yake kwenye banda la karibu na geti, akasema ni uchovu wa safari.

Sasa wewe unajua ninavyosafisha, maana nimekusimulia mara nyingi mpaka ukanikataza. Naanza na banda chafu kuliko yote, namalizia na lililo safi kuliko yote. Mwanamume anaikabili kazi ngumu akiwa bado na nguvu mpya. Wale wengine wanaanza na mabanda rahisi, wananyatianyatia kama mtu anayeonja supu ya moto. Mimi ninavamia. Basi kila asubuhi nilianza na la yule dume, nikasugua, nikamwaga maji, nikaenda la pili na la tatu, mpaka nikafika la Pilipili. Hilo nililiweka la mwisho kwa heshima yako, nikalisugua kwa mapenzi.

Wa kwanza kuugua alikuwa yule mnene uliyesema kwenye simu kwamba ana sauti ya mzee. Alikataa kunyonya, akatapika povu, kisha akaanza kuhara. Nikatangaza kwamba ni minyoo. Nikampa dawa ya minyoo mbele ya watu na kuwaambia wahesabu saa, jioni atakuwa anaruka. Jioni uharo ulikuwa na damu, na mwenzake wa pili alikuwa amejikunja pembeni, hageuki hata nikimwita. Hapo ndipo msimamizi alipompigia simu daktari wa mifugo.

Daktari mwenyewe binti mdogo mwenye miwani. Nikamwambia kwamba vijana kama yeye huwa nawafundisha mimi. Akaniambia sawa mzee, nishikie mkia. Akachukua kijiti chenye pamba, akapima kinyesi kwenye kipimo fulani, tukasubiri. Mistari ilipotokea akakisogeza kipimo kwenye mwanga, akakiangalia tena. Alipeleka pia kinyesi kingine maabara. Majibu yalipokuja, akatueleza kwamba ni virusi, tena aina mbili kwa pamoja. Aina moja ni parvo. Nyingine ni korona, lakini ya mbwa, si ile ya watu, maana mlinzi alishaanza kurudi nyuma. Akasema virusi hivyo huingia mdomoni, vikakaa kwenye utumbo na kuuchubua ndani, ndiyo maana maji ya mwili yanatoka yote, halafu na damu. Mbwa mkubwa aliyechanjwa kama Pilipili hana wasiwasi sana. Mtoto asiyechanjwa anakauka huku unamtazama. Akasema hakuna dawa ya kuviua vikishaingia. Kazi yetu ni kuwarudishia maji mwilini mpaka miili yao ipigane yenyewe.

Tukatundika chupa za dripu kwenye misumari, kila mtoto na yake. Kazi yangu ilikuwa kushika kijiguu kisitikisike wakati sindano inaingia. Kijiguu chenyewe chembamba kama kalamu hii. Sindano ilipokaribia nilifumba macho, kijiguu kikaniponyoka mara mbili, mpaka daktari akaomba mtu mwingine. Mlinzi akaniuliza, Jemadari, kumbe yule chui unayetusimulia kila siku kwamba ulimkaba shingo alikuwa wa kuchorwa? Siku hiyo nilisogea nikampisha, na yeye mwenyewe alipoona hivyo akaacha kucheka, akaja kukishika kile kijiguu.

Dada, yule mnene hakupona. Wala mwenzake wa pili. Wa tatu alikuwa ameanza kuinua kichwa, tukafurahi, kisha akaondoka huku Pilipili anamramba masikio. Amebaki mmoja, yule mdogo mwenye miguu myeupe kama amevaa soksi. Pilipili ananitazama kila nikipita. Simwezi kwa macho yale.

Tulipomaliza kufukia, daktari akaniomba nimwonyeshe ninavyosafisha. Nilifurahi, nikasema angalau leo ataona mtaalamu. Nikavaa buti zangu za mpira, nikachukua ufagio wangu wa mpini mrefu, nikaanza na banda la yule dume kama kawaida. Akanifuata banda kwa banda, ameshika mikono nyuma. Tulipofika kwa Pilipili akaniuliza kama ufagio ni huohuo mmoja na maji ni ya ndoo hiyohiyo. Nikamwambia ndiyo, na sijawahi kuacha hata kona. Akasema, basi mzee, ulikuwa unautoa ugonjwa kwa mgonjwa, unaupeleka mlango kwa mlango, halafu uliobaki wote unausugulia kwa watoto. Anayesafisha mabanda huanza kwa walio wazima, akamalizia kwa mgonjwa. Hakusema kwa ukali.

Tukauchoma ufagio. Buti zikalowekwa kwenye maji ya klorini. Kisha akaniuliza kama hivyo vitu viwili vimewahi kutoka nje ya mabanda haya. Nikasema havijatoka, tena nilisema kwa sauti yangu ileile kubwa, na kila mtu akaamini.

Dada, vilitoka. Vilikuja kwako. Uliponiambia unarudi Jumamosi, na kwamba mkwe amekupa kile kijibwa cha masikio marefu kama shukrani, nilichukua ufunguo ulioniachia nikaenda kukuandalia nyumba. Ufagio wako umebaki mpini tu, kwa hiyo nilibeba wangu. Nilifagia ua wote kuanzia getini mpaka chini ya kamba ya nguo, nikafagia na baraza, buti ziko miguuni. Nilitaka ukifika ukute panang'aa, uwaambie majirani mdogo wako ni mtu. Yule dume alikuwa tayari anahara.

Jana nilimfuata daktari ofisini kwake nikamwambia, mbele ya watu waliokuja na kuku zao. Akavua miwani, akaipangusa, akaniuliza ua wako ni wa saruji au wa udongo. Nikasema udongo. Akasema ingekuwa saruji angeniuzia klorini nikamwagia, lakini kwenye udongo virusi vya parvo vinaweza kukaa miezi mingi, hata kuvuka mwaka, mvua inyeshe jua liwake.

Kwa hiyo nakuomba, na hii ndiyo sababu ya barua yote, kijibwa hicho kisikanyage kwako. Kiache kwa mkwe mpaka kimalize chanjo zote na daktari aseme ndiyo. Nakujua, utasema utakibeba mikononi na kukitia jikoni. Usikibebe. Viatu vyako mwenyewe vitakifuata na udongo huo. Mkwe akiuliza kwa nini umeikataa zawadi yake, msomee barua hii, na usiruke mahali.

Huyu wa soksi nyeupe mchana huu aliramba maji kiganjani mwangu. Hajayatapika bado. Ukiniuliza kama atapona, dada, sijui. Daktari naye hajui.

Msalimie mkwe, mbusu mjukuu, na mpwa wangu, mama yake, umwambie ale vizuri. Ukinikasirikia una haki, ila nikasirikie ukiwa huko kwanza, kijibwa kikiwa huko. Naweka kalamu chini kwa sababu chupa ya dripu inakaribia kuisha na leo nimeomba niibadilishe mimi.

Mdogo wako, mjomba wa wanao,

Jemadari