Nilipokuambia Usinibipu Tena

Pune, India

Mume wangu Baba Rukia,

Assalaam aleikum. Naanza na mgongo wako, maana najua mwenyewe hutausema. Umepona? Hemedi aliniambia uliliinua lile friji la hoteli peke yako, na hapa nilipo nilikasirika mpaka nikaunguza dengu. Na binti yetu je, jino la mbele limeota? Wifi bado anamsuka kwa nguvu hadi mtoto analia? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Mvua za huku zimeanza, nguo hazikauki na chumba kinanuka ukungu. Chakula chao nimekizoea, ila wallahi siku nitakayokutana tena na ugali wetu wa bada na mchuzi wa nguru, hakuna atakayeniondoa mkekani.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi za simu. Usishangae, simu imetushinda mimi na wewe. Kila tukiongea tunaishia kushindana, na siku hizi hata hatuongei. Barua hii anakuletea Bi Shirini, mke wa yule Mhindi wa duka la vitambaa pale Ngamiani, aliyekuja huku kutembelea wakwe zake. Akifika mpe maji ya kunywa, na usimkalishe kwenye kile kiti kibovu.

Mdogo wangu Hemedi kanifikishia ujumbe wako. Kasema ulimwita pale bandani kwako, ukazima redio, ukamwambia: "Shemeji, niulizie kwa dada yako. Kama anarudi, nimsubiri. Kama harudi, aseme, na mimi nijue moja." Niliposikia nilikaa chini sakafuni. Nikalia, halafu nikakasirika, na unanijua, machozi yangu na hasira yangu hulala kitanda kimoja. Ati neno la ndoa linapitishwa kwa shemeji kama posa! Mdomo unao, simu unayo. Lakini subiri, usiikunje barua. Jibu lako nitalitoa, ila kwanza nikusimulie nilichokiona huku, kwa sababu jibu langu limepita humo humo.

Unajua nilikuja kusomea uuguzi wa wagonjwa wa akili. Muhula huu wametuwekea somo ambalo sikulitegemea: jinsi mapenzi ya watu wawili yanavyokwenda na yanavyobadilika. Siku ya kwanza nilicheka. Nikasema haya kwetu mtu hufundishwa ndani na kungwi, kwa ngoma na maneno makali, si kwa picha za ukutani. Lakini Baba Rukia, lilinishika. Nimekuwa naulizauliza kama mtoto.

Kuna wataalamu wanaosema ndoa ni mizani. Kila mtu anapima anachotoa na anachopata, na ikilemea mno upande mmoja, mtu anafunga duka. Hao sikuwapenda, wanasema kama watu ambao hawajawahi kuuguza mtu. Wengine wanasema mapenzi yanasimama kwa vitu vitatu: mvuto, ukaribu na ahadi. Mimi pale pale nikaona mafiga. Nikanyoosha mkono, nikamwambia mwalimu wetu, mama mmoja mwenye mvi na sauti ya chini, kwamba kwetu chungu hakikai juu ya figa moja. Alifurahi akaniita nichore ubaoni. Nikachora mafiga yangu matatu na chungu juu yake, na wenzangu wakadhani ni mtu mnene amekalia mawe.

Mwalimu anasema mafiga hayo hayabaki ukubwa ule ule maisha yote. Mvuto hupanda na kushuka, ukaribu hukua polepole, na kuna vipindi ahadi peke yake ndiyo inayobeba chungu kizima. Nilitoka darasani najiuliza, sisi sasa chungu chetu kimebebwa na lipi? Nawe jiulize ukiwa unajaza gesi kwenye mafriji yako.

Kisha tukafika kwenye lile lililotugombanisha. Wanasema mtoto anavyoitikiwa na mlezi wake ndivyo atakavyopenda ukubwani. Aliyeitikiwa vizuri hutulia. Aliyeitikiwa leo akaachwa kesho hung'ang'ania, kutwa anauliza unanipenda, unanipenda. Aliyeita asiitikiwe huacha kuita, akajifanya hana haja na mtu. Siku ile ile nikakupigia, na maringo yangu yote ya msomi, nikakuambia, "Nimekugundua. Wewe ni wa kundi la tatu. Mkimbiaji."

Ukasema, "Haya."

Hiyo "haya" yako, Baba Rukia! Mtu anaweza kuipiga kichwa akapasuka. Ndipo nikapandwa na mori. "Na hizo bipu zako za kila alfajiri, ziache. Simu inalia mara moja, unakata. Nikikupigia unasema hamna kitu, nilikuwa nabipu tu. Kama huna la kusema, usinibipu tena!"

Hukunibipu tena. Mambo mangapi nimekuomba miaka yote hii hukuyasikia, lile kufuli la choo hadi leo, lakini hili ukalitii siku ile ile.

Basi juzi mwalimu kaja na jambo jingine. Kasema kinachojenga ndoa au kuibomoa mara nyingi si yale magomvi makubwa, ni miito midogo. Mume anasema, "Tazama yule ndege." Hana haja na ndege. Anaita. Mke anaweza kutazama, anaweza kunyamaza, au anaweza kusema, "Kwani mimi sijawahi kuona ndege?" Majibu madogo hayo, kila siku iendayo kwa Mungu, ndiyo ndoa yenyewe. Akatutaka kila mmoja ataje mwito mmoja wa nyumbani kwao.

Zamu yangu ilipofika nikasimulia kubipu, tena kwa mbwembwe, kama kichekesho cha ubahili wa mume wangu. Darasa likaangua kicheko, maana hawa nao kwa kubipu hawajambo. Msichana niliyekaa naye akasema mama yake humbipu kila akifika kazini. Mwalimu hakucheka. Akaniuliza, "Na wewe ulikuwa unamwitikiaje?"

Nikasema, "Nampigia, namuuliza anataka nini."

Akaniangalia kidogo, akaenda kwa mwingine.

Nilikaa pale sisikii tena kinachosemwa. Nilikuwa jikoni kwetu kule Mabawa. Wewe uani na bisibisi zako, mimi ndani nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. "Mama Rukia!" "Abee!" "Hamna." Kitambo kidogo, tena, "Mama Rukia!" "Abee!" "Hamna, nilitaka kujua upo." Na miaka yote ile sikuwahi hata mara moja kutoka na mwiko mkononi kukuuliza unataka nini. Niliitika, basi, nikaendelea na nazi yangu. Kumbe kwenye simu ulikuwa unafanya yale yale ya uani, mimi ndiye niliyesahau kuitika.

Nikakumbuka na jingine, ulilonisimulia mara moja tu, siku ile ulipokwenda kutengeneza friji kule Amani nami nikakuganda tufuatane. Ulisema ulipokuwa mdogo, ukilelewa na bibi yako Pongwe, yeye akiwa shambani kwenye mihogo nawe mlangoni, ulikuwa unaita, "Bibi!" Naye anaitika, "Hoo!" bila kunyoosha mgongo. Ukishaisikia hiyo "hoo" unarudi kucheza.

Sasa niambie, ni hilo? Au nakushonea kanzu isiyo yako? Nauliza kweli, sikutanii, nataka kujua. Mwalimu anasema usimpachike mtu kundi akiwa hayupo, muulize mwenyewe. Nilikupachika bila kukuuliza, na nilikosea. Mkimbiaji gani huyo anayeamka kila alfajiri kuita?

Lakini usijione umeshinda, na wewe lako lipo. Wanatufundisha pia kwamba katika ndoa nyingi mmoja hufukuza na mwingine hukimbia. Huyu akizidi kufukuza, yule anazidi kukimbia, na ukiwauliza nani alianza, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Niliposikia nikasema hawa wametupiga picha. Maana uliyoyasikia mitaani ni kweli: hospitali ninayofanyia mazoezi iliniambia nikipenda nibaki mwaka mmoja zaidi, nifanye kazi. Sikukuambia. Nilingoja uniulize. Wewe ukasikia kwa watu, ukangoja nikuambie. Tukawa kama wageni wawili mlangoni, pita wewe, hapana pita wewe, hadi ukamtuma Hemedi.

Mbona hukuniambia kwa mdomo wako kwamba unaogopa? Maana uliogopa, Athumani. Ndiyo, leo nimekuita jina lako, na sijakosea. Bibi mwenye nyumba wangu hapa naye mumewe hamtaji jina, humwita "aho", kama tunavyosema sisi "bwana wee". Siku akimtaja jina, mzee anaruka kitini. Nawe ruka. Mimi pia niliogopa. Niliogopa kwamba hujaniuliza kwa sababu huna haja tena nami, na ndiyo maana nikawa nakuchokoza na makundi yangu ya darasani, angalau upige kelele. Wewe ukanijibu "haya".

Hospitali nimewajibu. Nimewaambia ahsanteni, narudi kwetu. Nimewajibu kabla sijashika kalamu hii, usije ukadhani nakupima. Wala si kwa sababu ya Hemedi, wala ya mafiga ya ubaoni. Nimechoka kuamka alfajiri nikakodolea macho simu isiyolia. Nakupenda na nimekukumbuka. Mtihani wa mwisho ukiisha napanda ndege. Kwa hiyo nisubiri.

Mama yangu mpe shikamoo yangu, na umwambie dawa ya presha anywe hata siku anazojisikia mzima. Wifi yangu mwambie nywele za mtoto si majani ya kung'oa. Shemeji yako Hemedi mwambie ametumwa vya kutosha, sasa apumzike. Rukia mbusu kwenye pengo lake kabla halijazibwa na jino. Na bibi yako Pongwe, ukienda kumwona, usiingie moja kwa moja. Simama mlangoni umwite, usikie kama bado anaitika vile vile, uniambie.

Wewe sitaki uniandikie barua ndefu, najua itakutoa jasho. Ukishamaliza kusoma, alfajiri itakayofuata nibipu. Ilie mara moja, ukate. Sitakupigia kukuuliza unataka nini. Nitakubipu na mimi, nikate, kisha niinuke nikainjike chai.

Abee,

Mkeo,
Mama Rukia