Wivu Niliorudi Nao Kutoka Mikumi

S.L.P. 17,
Kimamba,
Kilosa.
9 Septemba 1996

Mpendwa Kaka Mwinshehe,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba, ingawa kutoka huko Mtwara sauti yako hainifikii. Hujambo wewe na wifi yangu Magreti? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku wazima, isipokuwa mama anasumbuliwa na magoti, na mahindi yametoka haba kwa sababu mvua ilikatika mapema. Tunamshukuru Mungu kwa hayo tuliyopata.

Kaka, nina donge rohoni, na hapa nyumbani sina wa kumweleza.

Unalikumbuka lile gazeti la hadithi za sayari na majini ulilokuwa ukinitumia, Ng'ambo ya Nyota? Siku hizi, tangu biashara iwe huria, linafika hadi stesheni yetu, linauzwa pamoja na sabuni na betri. Basi mwezi wa saba walitangaza kwamba wasomaji wakutane Mikumi, kwenye ukumbi wa nyumba moja ya wageni pale barabara kuu, wamwone mhariri wake, mwandishi Hezekia mwenyewe, na washindane kuvaa kama watu wa kwenye hadithi. Nilirukaruka kama mtoto. Unajua nimempelekea hadithi zangu miaka yote hii, na hata moja haijatoka.

Nilishona gauni la Malkia wa Mwezi kwa pazia la mtumba, nikalipamba kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara. Nikaenda na rafiki yangu Nasieku, binti wa mzee Kimaren, wale wafugaji waliohamia upande wa mbugani. Mimi ndiye niliyemwazima gazeti la kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia habari za Mikumi.

Kaka, kumbe tuko wengi! Hapa Kimamba nikizungumzia vyombo vya angani nachekwa, lakini mle ukumbini fundi magari mmoja, Cornel, alivaa sufuria kichwani na hakuna aliyemcheka. Walimu, makarani, mama muuza maandazi, wote wanabishana kama jini anaweza kuishi mwezini pasipo hewa. Nilijiona nimefika kwetu.

Ukafika wakati wa zawadi ya mavazi. Nilishajiweka sawa. Cornel, ndiye aliyekuwa mshereheshaji, akatangaza, "Mshindi ni yule dada wa sayari ya mbali, mwenye shanga!"

Watu wakapiga makofi. Nasieku aliinama akashika shanga zake, nikadhani ana haya. Kisha akasimama, akasema polepole, "Mimi sikushindana. Hizi ni nguo zangu. Mama amenivika hivi kwa sababu nakuja kwa wageni."

Cornel akavua sufuria. Na mimi, kaka, badala ya kumwonea rafiki yangu uchungu, nilikuwa nawaza: sasa zawadi inakwenda kwa nani?

Haikwenda kwa mtu. Mzee Hezekia aliinuka, akamwomba radhi mbele ya wote, kisha akamuuliza yeye alifuata nini pale. Nasieku akajibu kwamba na yeye anayo hadithi, aliitunga akichunga. Akaisimulia. Msichana anapotelewa na ndama, anaifuata sauti yake mpaka juu mbinguni, anakuta nyota zinanyweshwa kwenye kisima kimoja, kundi kwa kundi, kama ng'ombe. Anarudi na ndama wake, lakini sasa ndama anang'aa, na kijiji kizima hakipati usingizi. Wanamwambia achague: ndama au wao.

Kiswahili chake kilikwama hapa na pale, na kila kilipokwama watu waliinama mbele wakimsubiri. Mimi hakuna aliyewahi kunisubiri hivyo.

"Iandike, binti, uniletee," akasema Hezekia. "Nitaitoa." Palepale! Na mimi nimesimama na pazia langu.

Ndani ya basi, njia nzima hadi Kilosa, nilijifanya nimelala.

Baada ya siku chache Nasieku akaja nyumbani na maziwa ya mgando, akaniomba nimwandikie. Kusoma anasoma vizuri, ila kuandika kunampa tabu. Kaka, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuiharibu kidogo tu, nani angejua? Lakini tulipofika pale nyota zinaponyweshwa kisimani nilishindwa. Hadithi ilinishika. Nikaiandika yote kama alivyoitamka, nikaweka jina lake peke yake, nikaipeleka posta mwenyewe.

Imetoka wiki iliyopita. Pale stesheni watu wanasomeana. Nilimpelekea gazeti kule mbugani, na kabla hajalifungua nikamwambia, "Nasieku, nakuonea wivu hadi chakula hakipiti."

"Najua," akasema. "Tangu Mikumi najua."

"Sasa kwa nini ulinipa mimi niandike?"

"Wale watu walinipigia makofi kwa hadithi, lakini hata nguo zangu walizipigia makofi. Ningewaaminije? Wewe ulinuna. Nikajua ni nzuri."

Akaniwekea kigoda, akaniambia nisome kwa sauti ili mama yake asikie. Nikasoma, yeye akimtafsiria. Donge halikutoka, kaka, ila nilisoma vizuri.

Usiniandikie kwamba siku yangu nayo itafika, maneno hayo nimeyachoka. Itafute hadithi uisome, kisha uniambie kweli kama ni nzuri kuliko zangu. Ukiona ni hivyo, subiri kidogo kabla ya kunijibu.

Msalimie sana wifi Magreti na watoto, na mjomba Beda umpe pole ya mguu. Mama anakusalimu, na anasema kikohozi hakitibiwi kwa kunyamaza, nenda hospitali. Mungu akulinde utokako na uendako, akujalie afya na riziki yenye baraka.

Wako akupendaye, hata anaponuna,
mdogo wako,
Shamimu