Mizani ya Shangazi Eliza

Mjukuu wangu Neema,

Kamwene. Huku Mdandu hatujambo. Babu yako mguu umepona, ameshaanza tena kugombana na kuku wangu.

Unaniuliza sado moja ya plamu ni kilo ngapi, maana ulinunua kwa kindoo cha sado pale stendi ya Makambako, na maelekezo yako ya jamu yanataka kilo.

Nilipokuwa msichana nilimsaidia shangazi yangu Eliza kupika jamu ya harusi ya binti yake. Sukari ilikuwa ya shida, tulikuwa na pakiti mbili tu za kilo moja moja. Nikaanza kupima plamu kwa kopo, akanizuia.

"Kopo linapima na hewa," akasema.

Akajaza plamu kubwa, akanipa nishike. Akazimimina, akajaza ndogo. Kopo ni lile lile, lakini ndogo zilinilemea zaidi.

Tukatoa mbegu zote. Akafunga kamba katikati ya kipande cha mwanzi, akaning'iniza vikapu viwili vinavyofanana, kimoja kila upande. Huku pakiti ya sukari, huku akiongeza plamu moja moja mpaka mwanzi ukatulia. Hiyo ndiyo kilo. Jamu iliganda vizuri.

Kwa hiyo sado yako siijui, mama. Toa mbegu, halafu upime. Kama huna mizani, pakiti ya sukari unayo.

Mimi wakati huo nilikuwa darasa la saba. Shangazi jina lake alikuja kuliandika uzeeni, nikimshika mkono.

Bibi yako