Glasi ya Mdogo Wangu

Jumatano, 6 Machi

Mdogo wangu ana mambo. Moyo unamsumbua, Jumatatu anapasuliwa, na shida yake kubwa ni kiti cha baa! Kanibembeleza mchana kutwa: niende pale anapokunywa siku zote, nimwambie mwenye baa asimpe mtu nafasi yake. "Na uninywee moja, dada." Mimi, ambaye hata soda hunipa kiungulia. Nimekubali ili anyamaze ale.

Baadaye — nimerudi. Mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Baa ya zamani kweli. Mbao nyeusi, taa hafifu, muziki chini kabisa. Mwenye baa kavaa kizibao, anachonga donge la barafu kwa kisu, taratibu, mpaka liwe mviringo. Nyuma yake rafu ya glasi: kila mteja wa siku nyingi ana yake. Zote zimesimama. Moja tu imefudikizwa, mdomo chini.

Nikajitambulisha, dada yake Mwalimu. Ndivyo wanavyomwita pale, anafundisha udereva. Akaweka kisu chini, akafuta mikono, akanipa pole ya msiba.

Msiba gani? Nimemwacha jioni hii akigombana na nesi kwa sababu supu haina chumvi!

Akanieleza kwa upole. Mteja akifa, glasi yake hufudikizwa, inakaa hivyo mpaka ndugu waje kuichukua. Ile ni ya Mwalimu. Nikamuuliza ni nani aliyeleta habari.

"Mwenyewe, dada. Jana. Kakaa hapo hapo ulipokaa, na kandambili za hospitali. Nikamtengenezea yake: wiski, sukari, ganda la chungwa. Hakuigusa. Akasema nimfudikizie, dada yake atapita kuichukua."

Alishaanza kutafuta gazeti la kuifungia. Nikatoka mbio. Mwavuli nimeuacha huko huko, na uozee huko.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemuuliza nesi aliyekuwa zamu Jumanne. Kashangaa. Mgonjwa ana waya kifuani na sindano mkononi, atoke aende wapi?

Mdogo wangu mwenyewe kacheka mpaka mashine ikaanza kupiga kelele. Halafu akanivuta karibu. Kasema Jumanne alisinzia jioni, akaota yuko kaunta. "Ndoto nzuri, dada, kifua hakikuniuma hata kidogo."

Nimelichukia hilo neno, nzuri. Nimemfunika shuka mpaka kidevuni kama mtoto. Naogopa.

Ijumaa, 8 Machi

Sina la kuandika. Sijalala.

Jumamosi, 9 Machi

Nimerudi baa, mapema, kabla wateja hawajajaa. Nimemwomba mwenye baa aisimamishe ile glasi. Kakataa. Ikishafudikizwa yeye haigusi, ndivyo alivyofundishwa na baba yake aliyemwachia kaunta. Nikamwambia mtu wangu ni mzima, ana ulimi kuliko mimi na wewe. Kasema anasikia, lakini nimwelewe: kwake glasi iliyosimama maana yake mwenyewe anangojewa.

Basi si ndivyo! Tunamngoja. Alipoinama kutoa barafu, nikanyoosha mkono, nikaisimamisha. Ilikuwa ya baridi sana, vidole vimekufa ganzi mpaka nimefika nyumbani.

Kainuka, kaiona. Hakunigombeza. Kaniomba namba ya simu tu. Nimempa. Moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 11 Machi

Wamesogeza upasuaji, kaingia alasiri. Sasa giza limeshaingia. Muda waliotuambia umepita na hakuna anayetoka kuniambia neno. Naandika nisije nikapiga kelele kwenye hili benchi. Nesi kapita mbio na mifuko ya damu. Hakunitazama.

Simu imeita. Mwenye baa. Ananong'ona.

"Dada, Mwalimu yupo hapa. Ameketi. Anasema kaikuta glasi yake imesimama, kwa hiyo anangojewa. Anaomba ile yake. Nimpe?"

Mungu wangu, ni mimi. Mimi ndiye niliyemwita kule!

Nimemwambia asimpe. Hata maji. Amwambie arudi huku sasa hivi, dada yake kasema. Nimemsikia akimwambia, neno kwa neno. Kisha kanirudia: "Anasema amechoka, dada. Anasema hapa kifua hakimuumi."

Nikamwambia aweke simu karibu na sikio la mdogo wangu. Nimemwita kwa jina lile la utotoni, ambalo kalikataza tangu aoe. Nimemwambia niko mlangoni kwake, nimekaa, siondoki bila yeye. "Njoo uniudhi."

Simu iko sikioni, naandika kwa mkono mmoja. Nasikia anavuta pumzi. Nasikia kiti kinaburuzwa sakafuni — sijui anainuka arudi huku, sijui anajisogeza kaunta anywe.